Kadi Zilizofutika Sura

Zamani, redio ikisema mtu amekufa, ujue amekufa. Naanza na hilo kwa sababu watoto wetu wanatucheka. Hawaelewi jinsi wanawake wazima wa mji wa Baraka, hapa Kongo kando ya ziwa Tanganyika, wenye mvi na wajukuu, walivyoweza kudanganywa na kisanduku kidogo kilichotundikwa kwenye mti wa muhogo. Hatukuwa wajinga, na mtu akisema mbele yangu kwamba tulikuwa wajinga atajuta. Tulikuwa na sababu ya kukiamini, na sababu yenyewe ilianza zamani sana.

Redio yetu ya hapa mjini ilisoma matangazo asubuhi na jioni. Familia fulani ya Nundu inawajulisha ndugu zao walioko machimboni Misisi kwamba mama yao ametutoka, mazishi ni kesho, wafanye haraka. Mtoto wa fulani amefaulu mitihani. Mtumbwi uliotoka Ubwari na mihogo umefika salama, wenye mizigo waje ufukweni. Siku moja walitangaza ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika, amepotea akiteremshwa kutoka Minembwe, na jirani yangu akamkuta nyuma ya kanisa lao anakula maboga ya mchungaji. Ng'ombe alirudi kwa mwenyewe. Maboga hayakurudi, na mchungaji aliyahubiri maboga hayo mpaka msimu ukaisha.

Kila tangazo lilimalizika namna moja: tangazo hili limetolewa na familia fulani, ya mtaa fulani. Ukitaka kubisha, unajua mlango wa kugonga. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo miaka hii, na naona imani yetu ilikuwa pale, kwenye maneno yale ya mwisho ambayo hakuna aliyeyasikiliza kwa makini.

Tulikuwa wanawake wanane tunaolima kwa zamu. Huku tunaita likirimba: leo sote tunalima kwangu, siku nyingine sote kwako, mpaka mzunguko ufike mwisho tuanze tena. Mwenye shamba anapika. Kila mmoja ana mstari wake na jirani yake wa kudumu, na hakuna anayeinuka kwenda kunywa maji kabla ya kumaliza mstari, isipokuwa mwenye mimba na isipokuwa Mama Prezidante.

Mama Prezidante ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Mume wake alikuwa mvuvi, ziwa likamchukua, naye akawalea watoto wake kwa jembe na sauti. Aliimba kwaya, aliamua ugomvi, na yeye ndiye mwenye redio. Aliibeba kichwani ndani ya beseni, juu ya unga, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na tukifika shambani aliitundika mahali ambapo wote tunaisikia. Tulilima kwa nyimbo za kwaya na kwa habari za vifo.

Na tulikuwa na desturi yetu. Redio ikianza tangazo la kifo, majembe yanasimama. Unasimamisha jembe lako wima mbele yako, unaweka mikono miwili juu ya mpini, unanyamaza mpaka itajwe familia iliyotoa tangazo. Ndipo unainama tena. Watu waliopita barabarani walidhani tunasali. Hatukusali. Tulikuwa tunasikiliza kama ni wetu.

Jirani yangu wa mstari alikuwa Mama Mapasa. Tulimwita hivyo kwa sababu ya mapacha wake; alikimbia nao kutoka Burundi, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akapangiwa hema katika kambi ya wakimbizi huko njia ya Nundu. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake siku ya kwanza. Alinikuta nikihangaika peke yangu kwenye mpunga, hakusalimu hata vizuri, akainama akaanza kulima upande wa pili. Nilitaka kumfukuza. Nilipoona jinsi anavyolima nikamwacha.

Wakwe zangu walikuwa na kipande cha ardhi yenye maji bonde la mto Mutambala, hawakitumii, nikawaombea wampe alime, awape fungu lao wakati wa mavuno. Miezi michache baadaye Mama Prezidante mwenyewe ndiye aliyesema aingie likirimba. "Huyu mwanamuke analima sawa vile anagombana na udongo," alisema. "Tumuchukue mbele ya bengine bamuchukue." Siku za kazi akawa analala kwangu, yeye na mapacha, ili asitembee kutoka kambini alfajiri.

Nakumbuka siku zile nazo zinaniuma kwa utamu. Mama Mapasa alikuwa na ulimi. Aliucheka bugali wetu wa muhogo, akisema kwao kitu kama hicho wanabandikia karatasi ukutani. Nilimjibu kwamba kwao wanakula maharagwe asubuhi mpaka jioni na ndiyo maana wanatembea wakiwa na upepo. Mama Prezidante alikuwa anatukemea na huku tumbo lake linatikisika kwa kicheko. Mchana tulikula kwenye sinia moja, bugali, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mikono minane ikigongana, na anayekula haraka alitajwa waziwazi. Jioni tulioga mtoni, tukaosha majembe, tukashuka na ziwa mbele yetu na Ubwari ng'ambo ya ghuba imekaa palepale inapokaa. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa raha. Nilidhani nimechoka tu.

Redio ya zamani ilikufa kabla ya mwaka wa uchaguzi. Mkwe wa Mama Prezidante akamletea nyingine, ndogo, nyekundu, yenye taa na tundu la kuchomeka memori. Jambo la memori lilimfurahisha sana yule mama. Unampelekea mwenye kuchaji simu pale sokoni kile kikadi kidogo, anakujazia nyimbo za kwaya uzitakazo, unasikiliza hata kama redio ya mjini haina umeme. Mwenye kuchaji simu alijaza kweli nyimbo za kwaya. Ila katikati ya nyimbo akaweka na mazungumzo ya mtu mmoja ambaye wakati ule alikuwa kwenye kila simu ya Baraka. Sijui alilipwa au alipenda tu. Alifanya hivyo kwa kila aliyemletea memori.

Mtu huyo hakuna aliyemjua. Wengine walisema yuko Kinshasa, wengine Ulaya, na kuna waliosema yuko Uvira tu, kwenye chumba cha kupanga, na godoro limeegeshwa ukutani ili majogoo wa jirani wasisikike. Alijua Kiswahili chetu. Alijua kutaja majina ya mahali kwa mpango uleule wa redio yetu, na sauti aliishusha vilevile kama msomaji wetu wa matangazo anapofika kwenye habari ya msiba. Yule hakuwa mpumbavu. Alikuwa ametusikiliza.

Siku hiyo tulikuwa tunapalilia kwa Mama Prezidante. Wimbo ukaisha, ikaja sauti ikasema, "Ndugu wasikilizaji, wa Baraka, wa Nundu, wa Fizi, wa Misisi, musimame kidogo musikilize tangazo." Majembe yakasimama. Wanane sote, mikono juu ya mipini. Alitupata tukiwa tumesimama vile, na mtu aliyesimama kwa heshima ya msiba habishi.

Alisema tutoe kadi zetu za kura tuzitazame. Kadi hizo tulikuwa tumezipata mwaka huohuo, na kusema kweli hazikuwa na afya. Wino wake ulikuwa unaondoka wenyewe. Ukiiweka kifuani inafutwa na jasho, ukiiweka nyumbani inafutwa na moshi, ukiiweka ndani ya Biblia inafutika hivyohivyo. Sote tulizitoa, moja kwenye fundo la kitenge, moja kwenye mfuko wa plastiki, moja kwenye sidiria. Kadi ya Mama Prezidante ilikuwa imebaki masikio. Yangu ilikuwa na kola ya blauzi na juu yake hakuna mtu. Tukaanza kucheka. Mmoja wetu akasema, "Mi nilishakuwa muzimu," tukazidi kucheka.

Sauti ikaendelea. Si jasho, ikasema, wala si moshi. Sura zenu zimeshamezwa na mashine za kupigia kura, kura zenu zimeshapigwa, na sura hizo wamepewa wageni. Mtazameni mkimbizi aliye karibu yenu. Sura yake iko.

Mama Mapasa alikuwa bado anacheka. Alidhani ni mchezo kama michezo yetu yote, naye hakupenda kuachwa nyuma kwenye mchezo. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kadi yake, akaiinua juu. "Mie bado niko na sura yangu," alisema. "Angalieni, hata kovu yangu ya shavu inaonekana."

Ilionekana. Kovu, hereni, mstari wa nywele, vyote. Kicheko kilikatika.

Nilimnyang'anya kadi ile nikaisoma kwa sauti, maana katika wale wanane mimi ndiye niliyekaa shuleni zaidi. Ilikuwa kadi ya mkimbizi, ile anayopewa mtu anapoandikishwa kambini, ya plastiki nzito, iliyotengenezwa na watu wengine kwa mashine nyingine. Tulikuwa tumeiona mara nyingi. Mama Prezidante aliwahi kuishika mwenyewe alipompeleka Mama Mapasa hospitalini.

"Hii haiko karte ya kura," nilisema. "Ni ya mukimbizi. Iko imeandikwa hapa, muangalie."

"We unasoma maandiko," alisema Mama Prezidante. "Mi naangalia sura. Ya kwake iko, ya kwangu iko wapi?"

"Na ile tangazo, ni nani ameitoa? Umesikia familia?"

"Redio njo imesema."

Niliiendea redio. Antena ilikuwa imelala. Kila mtu anajua kwamba katika bonde lile redio ya Baraka haiingii mpaka uvute antena yote na kuielekeza ziwani. Niliwaonyesha. Niliwaambia, hii siyo redio, hii ni memori, hii ni kwaya mliyonunua sokoni na mtu amejificha ndani yake. Wakaitazama ile antena kama ninawaonyesha kidole changu. Mama Prezidante akasema, "Lisemwalo liko, kama haliko linakuya," akachukua jembe lake. Methali ile siipendi tangu siku hiyo. Imefanya kazi ya waongo kuliko waongo wenyewe.

Jioni nilimpigia mpwa wangu anayechimba dhahabu Misisi. Alisema kadi za kikosi chao chote zimefutika, wanaitana kwa utani "wasio na sura." Nilimpigia dada yangu Nundu, yake pia imefutika, ya mume wake vilevile. Nilifurahi kama mwanasheria. Nikawapelekea wenzangu habari hiyo: zimefutika kila mahali, basi ni wino mbaya, si mkimbizi. Mmoja akafikiri kidogo akasema, "Basi bameiba mingi kuliko vile tulizania." Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Wazee hawakujua habari za memori.

Siku ya shamba langu walikuja wote. Nilipika kwa makusudi, nikaweka samaki wazima, wale tunaowaita mikeke, badala ya ndagala, nikifikiri samaki atasuluhisha. Aliyekuwa jirani wa Mama Mapasa upande wa pili alihamia mwisho wa shamba. Tulipokaa kula, mmoja akachota bugali akaukata, akauweka kwenye jani na kumpelekea Mama Mapasa alipokuwa amekaa, kwa adabu zote, kama mtu anayepelekea mgonjwa. Mama Mapasa akapokea kwa mikono miwili, akasema aksanti. Ningependa angetukana. Hakutukana, na mimi nikatukana kwa niaba yake, na mikeke yangu ikaliwa kimyakimya.

Baada ya hapo ilikuwa zamu ya Mama Mapasa. Mpunga wake ulikuwa umefika wakati ambao usipopalilia juma hilo, majani yanaushinda. Kila mmoja wetu alikuwa ameshapata nguvu zake msimu ule, alikuwa amepalilia kwa wote saba. Niliamka nikasonga naye mpaka bondeni, tukaweka chini majembe, tukangoja. Jua likapanda. Barabarani walipita wanawake wengine wanaokwenda mashambani kwao, wakatusalimu kwa mbali. Nilipofungua chungu alichokuwa amebeba, niliona viazi vitamu vya watu wawili. Alikuwa amejua tangu jana.

"Tuanze, yaya," alisema, maana aliniita yaya, dada mkubwa. "Tutaishia pale tutafika."

Hatukufika mbali. Kidole kimoja hakivunji chawa, na viwili vyenyewe vilikuwa vimezeeka.

Siku zilizofuata vijana walilaza gogo barabarani karibu na daraja lililo kati ya kambi na mashamba yetu. Walikuwa na simu mkononi na sauti ile inatoka ndani yake siku nzima, sasa ikisema wakimbizi wanahamishwa kwenda kupiga kura, wasimamishwe. Gari la abiria likapigwa mawe kioo. Matairi yakachomwa mbele ya ofisi moja. Mama Mapasa alikuwa anatoka kambini na jembe begani. Wakamwomba kadi, akawapa, wakaona sura. Wakaitana waje waione. Hawakumpiga. Walilitupa jembe lake mtaroni, wakamwambia arudi alikotoka, na wale mapacha walikuwa naye, wameshika kitenge chake. Hakupita daraja lile tena mwaka huo. Mimi nilikwenda kwenye mpunga wake siku nilizoweza, na kila nilipofika majani yalikuwa mbele yangu.

Siku ya kura tulipanga mstari shuleni, mimi na Mama Prezidante tukifuatana. Hatukuwa tunaongea vizuri, lakini mstari wa kura ni mstari. Mashine ilichelewa, jua likatupiga. Hatimaye wakaanza. Mwanamke wa kwanza akatoa kadi yake, nyeupe kama ganda la yai. Karani hakuitazama hata sura. Alitafuta namba kwenye orodha yake, akaipata, akamwambia ingia. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Nilimtazama Mama Prezidante. Alikuwa ameshika kadi yake karibu na macho, anaigeuza mbele na nyuma.

Kabla zamu yetu haijafika walikuja wale vijana. Sauti ilikuwa imewaambia kwamba mashine imeletwa na kura zake ndani, tayari. Waliingia darasani wakaitoa nje wakaivunja kwenye ngazi, kisha wakavunja madawati, kisha wakavunja madirisha ambayo hayakuwa na kosa lolote. Tulikimbia. Mama Prezidante alipoteza kandambili moja, nikamvuta mkono mpaka nyumbani kwangu, akakaa kwenye mkeka anahema. Kura za shule ile hazikuhesabiwa. Hakuna mgeni aliyeziiba. Tulikaa pale na kadi zetu, na chumvi ya jasho usoni, na kati yetu wawili hakuna aliyepiga.

Mama Mapasa alikuja Jumapili moja baada ya hapo. Alipanda pikipiki kwa njia ya ndani. Aliniambia amejiandikisha kurudi kwao, gari linaondoka juma lile. Nilikuwa naosha masufuria. Niliendelea kuyaosha, hata yaliyokuwa safi.

"Ngoja kidogo," nilisema. "Bamama batarudi. Ninabajua."

"Yaya, majani haingoje."

"Na huko kwenu? Si uliniambia huko hapakuwa pema?"

"Hapakuwa," alisema. "Lakini kama ni kuchukiwa, afazali nichukiwe kwetu."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo dada anamwambia mdogo wake akitaka abaki: kwamba hana akili, kwamba mapacha watasahau Kiswahili, kwamba nani atanicheka bugali wangu. Alicheka kidogo. Kisha tulilia wote wawili, na mapacha wakatutazama, na yeye akanisaidia kusuuza masufuria. Sijawahi kuwa na rafiki mwingine wa namna hiyo na sasa umri umekwenda.

Mwezi haukuisha, Mama Prezidante alisimama mlangoni kwangu asubuhi na jembe begani. Hakuwa na redio. Nyuma yake walikuwa wale watano wengine.

"Twende kwa Mama Mapasa," alisema. "Ni zamu yake."

"Ameshaenda."

"Najua. Alilima kwetu, sisi hatukulima kwake. Nitamuambia Mungu nini?"

Nilitaka kumjibu vibaya, na majibu nilikuwa nayo tele. Nikachukua jembe. Tulipofika bondeni, majani yalikuwa yamefika kiunoni na mpunga unachungulia katikati yake. Tulipalilia siku nzima bila wimbo. Hakuna aliyepika kwa sababu mwenye shamba hakuwepo, tukanywa maji ya mto. Mama Prezidante alilima mstari wa Mama Mapasa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuinuka mpaka ukaisha. Mpunga tuliovuna baadaye ulikuwa kidogo. Tuliwapa wakwe zangu fungu lao, uliobaki nikamtumia Mama Mapasa kwa mkono wa mfanyabiashara anayevuka kwenda Burundi.

Mwaka uliofuata alinipigia simu tukiwa shambani, wakati wa kupumzika. Niliweka simu ile sauti itoke nje ili wote wasikie. Mapacha hawajambo, wanasoma, Kiswahili bado wanacho. Mpunga ulifika. Aliuliza nani na nani walikuja kuupalilia, nikamtajia mmoja mmoja, nikamalizia na Mama Prezidante.

"Mama naye alikuya?" aliuliza.

"Nilikuya," alisema Mama Prezidante, akiinamia simu. "Nilichelewa."

"Haizuru, mama."

Nilimwuliza vipi majirani, wanalima naye? Akasema kwao pia uchaguzi unakaribia. Iko sauti inatembea kwenye simu, inasema wale waliorudi kutoka Kongo wana kadi za Kongo, wametumwa kuja kuharibu kura. Wameanza kumwuliza kadi. "Na mie ile karte niliirudisha ku mupaka siku ya kuvuka," alisema. "Sasa sina ya kule, sina ya huku. Basi nalima peke yangu. Nitaizoea."

Mama Prezidante aliondoka akaenda kusimama pembeni, mgongo umetugeukia.

"Yaya," Mama Mapasa akasema, "nafasi yangu mulishapatia mutu?"

"Bado."

"Muipe mutu. Musiache mustari mutupu, majani itaingia mu yenu."

Alisema kweli, kwa upande wa kilimo. Nimewauliza wenzangu mara kadhaa na kila mara Mama Prezidante anasema tutaangalia. Wako wanawake wazuri wanaotaka kuingia. Mpaka leo tuko saba. Tukifika shambani kila mmoja anashika mstari wake, na ule wa kando yangu tunauruka, na sote tukishamaliza tunarudi kuulima kwa kupokezana, tukiwa tumechoka, na hakuna anayelalamika.